Usiku Tisa wa Mama: Navaratri katika Mji wa Reli

Mhadhara wa wazi, Dodoma



Mada niliyopewa ni pana: sikukuu za Wahindu zinazofanywa kwa heshima ya mungu mmojammoja. Shiva ana usiku wake mkuu mwezi wa pili au wa tatu. Kuzaliwa kwa Rama huadhimishwa Machi au Aprili, Hanuman hufuata siku chache baadaye, na Krishna ana siku yake Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Ganesh, mwenye kichwa cha tembo, hukaa na waja wake siku kumi. Nikisema niwapitie wote, kila mmoja atapata sentensi mbili na hakuna atakayeeleweka. Kwa hiyo nitawaweka kando nizungumze juu ya mmoja tu: Mama, anayeitwa Durga, anayeitwa Amba, na sikukuu yake ya usiku tisa iitwayo Navaratri. Nimemchagua yeye kwa sababu, kati ya sikukuu zote hizo, hii ndiyo iliyoweza kupanda treni ikashuka hapa katikati ya nchi bila kupungukiwa na kitu.

Sikukuu ya Ganesh inataka sanamu, na siku ya mwisho sanamu ile inataka maji mengi ya kuzamishwa. Ilipata sura yake ya barabarani huko Pune mwaka 1893, pale mwanasiasa Tilak alipoitoa majumbani ikawa mkutano wa watu wote, na hata leo huonekana vizuri zaidi penye umati na penye bahari, kama Mumbai au Dar es Salaam. Navaratri ya Wagujarati, watu wa Gujarat huko magharibi mwa India, inataka chungu cha udongo, taa, na wanawake wanaojua nyimbo. Kuhani wa Kibrahmini akikosekana, usiku wa Mama hauvunjiki. Hekalu likiwa dogo au likiwa mbali, uani panatosha. Kwa jamii ya watu wachache waliotawanyika kwenye vituo vya reli, jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa.

Nianze na kutenganisha watu, maana hapa mjini bado tunawachanganya. Mtu mwenye asili ya India tunamwita Mhindi, lakini Wahindi waliofungua maduka kwenye miji ya bara hawakuwa wa dini moja. Walikuwamo Waismailia, Waithnasheri na Mabohora, wote Waislamu. Walikuwamo Singasinga, wengi wao mafundi, na Wagoa Wakatoliki waliokuwa makarani. Na walikuwamo Wahindu, wale ambao Waswahili wa pwani waliwaita Mabaniani, wengi wao wakitoka Kutch, Kathiawar na sehemu nyingine za Gujarat. Mhindi wa duka la kona huenda alikuwa anafunga Ramadhani na jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa anafunga Navaratri. Hata miongoni mwa Wahindu wenyewe hakuna sauti moja. Wafuasi wa Arya Samaj, chama kilichoanzishwa mwaka 1875 na Dayananda Saraswati, yeye mwenyewe mzaliwa wa Gujarat, hawaabudu sanamu kabisa.

Kabla ya reli, Ugogo, nchi ya Wagogo inayouzunguka mji huu, ilijulikana kwa wasafiri kama nchi ya hongo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji iliwalipa watemi wa Kigogo nguo na shanga ili iruhusiwe kupita na kuchota maji, na sehemu kubwa ya mtaji wa misafara hiyo ilikuwa ya wafanyabiashara Wahindi wa Unguja. Mmoja wao, Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, ndiye aliyekodi ushuru wa forodha wa Seyyid Said, Sultani wa Unguja. Wabhatia wale wa karne ya 19 walikuwa Wahindu, lakini waliishi Unguja kama wageni wa msimu mrefu, wake zao wakibaki Kutch. Kwa hiyo mali ya Wahindu ilipita Ugogo mapema sana, ilhali nyumba ya Mhindu haikuwapo.

Reli ya Kati ilibadili hali hiyo. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, na mji wetu umeota kwenye njia hiyo. Penye kituo palijengwa maduka, na jina la Madukani tunalo hadi leo. Mwenye duka aliuza kaniki na marekani, chumvi, sukari, majembe na mafuta ya taa, akanunua ngozi, nta, asali, karanga na samli. Alikuja kwanza mwanamume, mara nyingi kijana, akalala nyuma ya duka. Mke alifuata baadaye, duka liliposimama. Naamini kabisa kwamba Navaratri iliingia miji hii pamoja na wanawake hao, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na nyimbo kichwani, na bila nyimbo hakuna usiku tisa.

Sasa tumtazame Mama mwenyewe. Kisa chake kimo katika Devi Mahatmya, maandiko ya Kisanskriti yenye umri wa karibu miaka elfu moja na mia tano. Alikuwapo jini mmoja, Mahisha, aliyeweza kujigeuza nyati. Husimuliwa kwamba kwa ibada zake kali alijipatia ahadi kwamba hatauawa na mwanamume yeyote, awe mtu au mungu. Hakutaja mwanamke, kwa kuwa hakumwona mwanamke kuwa tishio. Akaiteka dunia, kisha akaiteka mbingu, miungu wakafukuzwa makwao. Ndipo hasira ya miungu wote ilipokusanyika ikawa mwanga mmoja, na mwanga ule ukawa mwanamke. Shiva akampa mkuki wa ncha tatu, Vishnu akampa gurudumu lake la vita, Indra radi, mlima Himalaya ukampa simba wa kupanda. Vita ikapiganwa, nyati akawa simba, akawa mtu, akawa tembo, akarudi kuwa nyati, na mwisho Mama akamkanyaga shingoni akamchoma. Siku ya kumi ni siku ya ushindi, Vijayadashami, ambayo wengi huiita Dussehra.

Huko Bengal kisa hiki hufinyangwa kwa udongo: Durga mwenye mikono kumi, simba, na jini anayechomoza kwenye mwili wa nyati, sanamu za urefu wa mtu na zaidi zinazopelekwa mtoni siku ya mwisho. Gujarat imechagua njia nyingine, na njia hiyo ndiyo iliyofika kwetu. Hekalu kuu la Amba, kule Ambaji mpakani mwa Gujarat na Rajasthan, halina sanamu ya Mama. Waja hutembea kwa miguu siku nyingi kwenda kuangalia bamba lenye michoro mitakatifu, ambalo makuhani hulivika nguo na mapambo. Kwa Mgujarati, Mama hana lazima ya kuwa na uso.

Majumbani na ukumbini, mahali pake ni kwenye chungu. Ni chungu cha udongo cha kubebwa kwa mikono miwili, kimetobolewa matundu pande zote. Ndani yake huwekwa kibakuli kidogo chenye samli na utambi wa pamba. Taa ikiwashwa, mwanga hutoka kwa matundu yale ukatapakaa ukutani na kwenye miguu ya watu. Chungu ni tumbo la Mama na moto ule ni uhai uliomo ndani yake. Samli hiyo, nisisitize kidogo, ni ileile iliyokuwa bidhaa ya maduka. Mwanamke wa Kigogo au wa Kirangi alisukasuka maziwa kwenye kibuyu, akapata siagi, akaiyeyusha, akaipeleka dukani. Nani aliyefikiria kwamba sehemu ya jasho lake ingewaka usiku kucha mbele ya Amba?

Kando ya chungu huwa pana sinia au chungu kipana chenye udongo, na humo siku ya kwanza hupandwa shayiri au ngano. Kila asubuhi hunyunyiziwa maji. Siku ya tatu au ya nne mbegu hupasuka, na kufikia siku ya tisa majani yamesimama, membamba, yameshonana, rangi yake kati ya kijani na njano kwa sababu yamekulia kivulini. Yakiwa marefu na yenye afya, akina mama husema mwaka utakuwa wa neema. Nimewahi kuona sinia la namna hiyo mwezi wa kumi, mji mzima ukiwa umekauka, upepo wetu huu ukipeperusha vumbi hadi ndani ya nyumba, na lile sinia ndilo lililokuwa shamba pekee la kijani mtaani. Nilikaa nikilitazama kwa muda.

Baada ya hapo ni ngoma yenyewe, garba. Wanawake huzunguka chungu kinyume cha mshale wa saa. Mmoja hutoa wimbo, wengine huitikia. Mwili huinama mbele, mikono hupigwa, hatua moja, mikono tena, halafu mgeuko. Kuna garba ya makofi mawili na garba ya makofi matatu, na ukikosea hesabu duara lote linakujua. Nimemwona bibi mmoja, mwenye magoti mabovu, ameketi kwenye kiti cha plastiki, anawapigia wajukuu makofi ya kuwarekebisha: matatu, matatu, kisha geuka. Wasichana walikuwa wanacheza kwa haraka ya muziki wa sinema, yeye akawarudisha kwenye mwendo wa chungu. Baada ya garba hufuata dandiya, ambayo huchezwa kwa vijiti viwili vya kugonganishwa na mwenzako, na hapo wanaume nao hujaa. Kabla ya watu kutawanyika, sinia la taa na kafuri huzungushwa mbele ya Mama, kisha hupitishwa, kila mtu akipitisha viganja juu ya mwali na kujigusa uso. Mwisho hugawiwa tabaruku iitwayo prasad: vipande vya nazi, sukari, matunda.

Siku hizi spika ni kubwa, na mara nyingine chungu kimesukumwa pembeni ili jukwaa la mwanamuziki lipate nafasi. Sipendezwi na hilo. Chungu kikitoka katikati, wanaozunguka hawazunguki kitu.

Wagujarati wana hadithi moja inayoonyesha uzito wa duara hilo. Katika mji wa Champaner, chini ya mlima Pavagadh, Mama, huko akiitwa Kali, alishuka usiku wa Navaratri kwa umbo la mwanamke wa kawaida, akaingia kwenye duara kucheza na wanawake wa mji. Mfalme, Patai, akamwona, akamtamani, akamshika nguo. Mama akamwonya. Hakusikia. Akamlaani kwamba mji wake utaanguka. Na kweli Champaner ilianguka mwaka 1484 mikononi mwa Sultani Mahmud Begada. Wanahistoria wana sababu zao za kijeshi, na ni nzuri. Lakini wanawake waliokuwa wakiimba kisa hiki walikuwa wanafundisha kanuni: mwanamke aliye ndani ya duara haguswi, kwa sababu hujui ni nani umemshika.

Wako wanaofunga siku zote tisa na wako wanaofunga ya kwanza na ya mwisho. Mfungo wao hauko kama wa Ramadhani. Maji yanaruhusiwa, kinachoachwa ni nafaka, nyama, na kwa wengi vitunguu pia na chumvi ya kawaida, mahali pake ikitumika chumvi ya mawe. Huliwa viazi, sago, maziwa, matunda na karanga. Dodoma ni mahali pazuri pa kufunga Navaratri. Zabibu za mavuno ya pili zimetoka kukatwa miezi ya Agosti na Septemba. Karanga zipo, licha ya yaliyowapata Waingereza pale Kongwa, ambao mwaka 1947 walileta matrekta kulima karanga kwa mpango wa kuilisha Uingereza mafuta, wakaja kuuacha mwaka 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Udongo ulikuwa mgumu na mvua hazikuwa zile walizozihesabu London. Mkulima mdogo aliyejua mvua zake aliendelea kulima.

Mvua ndiyo inayonileta kwenye jambo ambalo limenishughulisha zaidi katika kuandaa mhadhara huu.

Huko Gujarat mvua huanza Juni na kuisha Septemba. Navaratri huja baada yake, mashamba yakiwa yamejaa. Chungu chenye uhai ndani na mbegu zinazochipua ni shukrani ya nchi iliyokwisha kunywa. Na mazao yenyewe ni yapi? Uwele, mtama, karanga, pamba. Mkulima wa Kathiawar hula mkate mnene wa uwele na maziwa. Mkulima wa Ugogo hula ugali wa uwele na mlenda. Mtama na uwele vyote vilianzia kulimwa Afrika, vikavuka kwenda India miaka zaidi ya elfu tatu iliyopita. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kathiawar aliposhuka hapa stesheni alikutana na chakula cha bibi yake.

Lakini hali ya hewa alikutana nayo kichwa chini miguu juu. Mvua zetu, zisizozidi sana milimita 570 kwa mwaka, huanza Desemba na kuisha Aprili. Navaratri yake ya furaha ya mavuno ikaangukia ukingoni mwa kiangazi, ghala likipungua, ng'ombe wamekonda, majani hakuna. Kalenda yao inafuata mwezi mwandamo kama ya Waislamu, ila wao huongeza mwezi mzima kila baada ya miaka miwili au mitatu ili sikukuu zisihame majira. Ndiyo maana Navaratri ilianza 15 Oktoba mwaka 2023, 3 Oktoba mwaka 2024, 22 Septemba mwaka 2025, na kwa kuwa mwaka 2026 una mwezi wa nyongeza, itarudi 11 Oktoba. Haitawahi kuangukia masika ya Dodoma. Ipo Navaratri nyingine ndogo, ya Machi au Aprili, inayoishia na kuzaliwa kwa Rama, na hiyo ndiyo ingekuta mashamba yetu yamejaa. Lakini Wagujarati wengi huicheza kidogo tu, na hawakuibadili kwa ajili yetu.

Matokeo yake ni kwamba hapa Dodoma sikukuu ya kushukuru mvua iliyokwisha kunyesha imekuwa, kwa mahali na kwa wakati, jirani wa matambiko ya kuomba mvua ijayo. Miezi hiyohiyo ya Oktoba na Novemba ndiyo ambayo Wagogo, chini ya mtemi mwenye mawe ya mvua, walikuwa wakiitengeneza nchi kabla ya kupanda. Mbegu zilichipuzwa nyuma ya duka, na mbegu zilibarikiwa kwa mtemi. Sidai kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Nasema waliishi chini ya anga lilelile lisilo na wingu, na pande zote mbili ziliifikiria mbegu.

Kuna kufanana kwingine, na huku kulinisimamisha. Msomi Peter Rigby, aliyeishi na Wagogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1968 maelezo ya tambiko la kusafisha nchi. Ng'ombe wakipatwa na maradhi, au uzazi ukiharibika, nchi huhesabiwa imechafuka, na kazi ya kuisafisha hushikwa na wanawake. Huvaa mavazi ya wanaume, hushika silaha za wanaume, huchukua nafasi yao, na hucheza wakiisukuma nuksi ile kuelekea magharibi hadi mpakani, waitupe huko. Sasa mrudieni Durga. Nguvu za kiume zimeshindwa, nchi imepinduka. Silaha za wanaume zinawekwa mikononi mwa mwanamke, naye anamaliza kazi. Watu wawili wasiojuana, mmoja mchungaji wa nyanda kavu za Afrika na mwingine mwandishi wa Kisanskriti, walifikia wazo moja: mambo yakiharibika kupita kiasi, mpe mwanamke mkuki.

Ngoma ya muheme, ambayo wanawake wa Kigogo huibana kati ya mapaja na kuipiga kwa mikono, mnaifahamu kuliko mimi, na tamasha la muziki wa Kigogo pale Chamwino huileta mbele ya wageni kila mwaka. Duara la makofi matatu halina tamasha hapa, na wala halihitaji. Ninachotaka ni kwamba mtu wa Dodoma ayajue yote mawili kuwa ni ya wanawake wa mji wake.

Lazima niseme pia juu ya kupungua. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilipeleka mikononi mwa umma biashara kubwa ambazo Wahindi wengi walizitegemea, na Aprili 1971 Sheria ya Kutwaa Majengo ilichukua nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilizopangishwa. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, na hofu ikavuka mpaka. Nia ya sheria zetu ilikuwa kuondoa unyonyaji, na watu waliokosa hata chumba cha kupanga walikuwa na haki ya kudai nchi yao. Lakini miji ya bara ilipoteza familia nyingi kwa muda mfupi, na duara la garba haliwezi kuzungukwa na watu watatu. Familia zilikwenda Dar es Salaam, Uingereza, Canada. Leo mjini Leicester utawakuta akina bibi wanaocheza garba na wanaosema Kiswahili cha bara wakati wa mapumziko ya chai.

Waliobaki walibaki. Halafu mji ukageuka tena. Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa ulikaa miaka mingi kwenye karatasi, hadi mwaka 2016 serikali ilipoanza kuhamia kweli. Dodoma ikatangazwa jiji Aprili 2018, na sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 765,000. Sensa zetu hazijauliza dini tangu 1967, na kwa hiyo tusitafute hesabu ya Wahindu humo. Wanaokuja sasa wanakuja na jiji linalokua, miongoni mwao wapo wahandisi, wahasibu, walimu na wafanyabiashara kutoka India, na si wote Wagujarati. Mtu wa Maharashtra atamtaka Ganesh wake, Mbengali atamtaka Durga wa udongo mwenye mikono kumi. Tangu mwaka 2024, wanaotaka ukumbi mkubwa wanaweza kupanda treni ya umeme jioni na usiku huohuo wakawa Dar es Salaam. Nina wasiwasi kidogo na urahisi huo. Sikukuu iliyodumu kwa sababu ilitosha uani inaweza kufa kwa sababu kila mtu amekwenda kuitafuta kwingine.

Desemba 2023, UNESCO iliiingiza garba ya Gujarat kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Uamuzi ulifanywa Kasane, Botswana, katika ardhi ya Afrika. Orodha inataja Gujarat, na ni haki yake. Lakini garba ya Dodoma, ya Tabora, ya Singida, ile iliyochezwa kwa samli ya Kirangi na karanga za Kigogo, haitaandikwa na mtu wa Gujarat. Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo, alichapisha mwaka 1954 kitabu juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, akakiandika kwa Kiswahili, kwa kuwa alitaka jirani naye asome. Nawaomba wanafunzi wa vyuo vyetu mfanye vivyo hivyo kwa akina bibi wa Madukani na miji jirani, kabla nyimbo zao hazijabaki na wajukuu wa Leicester peke yao. Nendeni na vinasa sauti. Ulizeni nani alimfundisha nani, chungu kilifinyangwa na nani, mbegu za shayiri zilipatikanaje mwaka wa njaa. Ulizeni kwa Kiswahili. Mtajibiwa kwa Kiswahili, chenye lafudhi ya hapahapa.

Kabla ya kuketi nijibu swali ambalo huulizwa kila ninapozungumza juu ya mambo haya: je, asiye Mhindu anaruhusiwa kuingia? Kwa kawaida anakaribishwa, ila abishe hodi kwanza kwa mwenyeji, kwa sababu nyingine ni ibada ya familia. Vua viatu mlangoni. Usiingie na nyama wala pombe, wala usiwe umetoka kunywa. Kaa nje ya duara hadi uitwe, na ukiitwa, fuata miguu ya mtu wa mbele yako na usipite kati ya chungu na wanaokizunguka. Usimpige mtu picha bila kumwomba, hasa mabinti. Sinia la mwali likipita mbele yako na dhamiri yako ya Kiislamu au ya Kikristo haikuruhusu, weka mkono kifuani, inamisha kichwa, litaendelea kwa mwingine na hakuna atakayeudhika. Vivyo hivyo na prasad: ukiipokea, ipokee kwa mkono wa kulia na uile yote, usiiache chini, ukishindwa, sema mapema, mwenyeji atakuletea chai.

Sasa maswali yenu.